Namba za Kila Asubuhi

Sitaki kumsikia mtu akiniambia kulala ni raha. Mwenye kusema hivyo aje alale yeye siku arobaini na moja, mgongo chini, kitanda kimeinuliwa upande wa miguuni kwa vipande viwili vya mbao, haja zote kwenye beseni, na mama mkwe ndiye anayelimwaga. Akimaliza aje aniambie tena habari za raha.

Mimi ni mkunga. Miaka kumi na miwili nimepokea watoto wa watu, nimewafuta, nimewakabidhi mama zao, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Wangu wawili walinitoka kabla ya mwezi wa sita. Huyu wa tatu alikuwa amefika wiki ya thelathini, na mwenyewe sikuamini. Daktari alinionyesha kwenye picha: kondo la nyuma limekaa chini kabisa, limeziba njia ya mtoto.

"Sista, wewe unajua," akaniambia.

Ndiyo, najua, na hilo ndilo tatizo langu. Mwanamke mwingine akiambiwa apumzike, anapumzika. Mimi nikifumba macho nawaona wote niliowahi kuwasukuma mbio kwenda chumba cha upasuaji huku shuka limelowa.

Nilishatokwa na damu mara mbili. Ya tatu isinikute bila usafiri, daktari alisema. Basi mume wangu akaliegesha gari uani, pua imeelekea getini, ufunguo ukatundikwa kwenye msumari mlangoni.

Mume wangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Karakana yake iko hapo hapo uani, na ukuta wake mmoja ndio ukuta wa chumba chetu. Kutwa nzima nyundo juu ya bati, na ile mashine ya kusagia chuma inayolia mpaka meno yanakufa ganzi. Watu wote humwita Fundi, na mimi pia. Yeye huniita Sista, tangu siku alipokuja zahanati kidole kimechanwa na bati, nikamshona nyuzi nne. Hakuitazama sindano. Aliitazama midomo yangu, kuanzia uzi wa kwanza mpaka wa nne.

"Kaka, maumivu yako huku," nikamwambia, nikimwonyesha kidole.

"Yalikuwa huko," akajibu. "Yameshahama."

Nikacheka. Mwanamke akishacheka, basi tena. Ni miaka saba sasa, na nikisema neno lolote, hata "nipe chumvi", huniangalia midomo kama mtu ambaye ndiyo kwanza ananipata. Wenzangu kazini walikuwa wakinionea wivu. "Wa kwangu nikiongea anaangalia mpira," mmoja aliniambia.

Mkunga mwenzangu alikuwa akipita kila jioni akitoka zamu, kunisikilizia moyo wa mtoto. Nilimhitaji, maana kondo lenyewe limetanda mpaka mbele, na mateke ya mtoto yalinifikia kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Kisha akapelekwa masomoni wiki tatu. Kujisikiliza mwenyewe haiwezekani. Kipembe chetu cha mbao, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto, kinataka tumbo upande mmoja na sikio upande wa pili, na shingo yangu haikuumbwa kupinda hivyo. Nikamfundisha Fundi. Unapiga magoti, unaelekeza uso kule miguuni, unaacha kipembe kikae kati ya sikio na tumbo bila kukishika, unatazama saa dakika nzima.

"Kati ya mia na kumi na mia na sitini tuko salama," nilimwambia. "Nje ya hapo, usiniulize. Washa gari."

Asubuhi ya kwanza alinipa mia na arobaini na mbili. Nililia kwa furaha. Siku kumi na nane niliishi kwa namba zake. Nikishapewa ya asubuhi, naweza kumeza chai, naweza kumvumilia mama yake, naweza hata kupanga jina kimoyomoyo kisha nikajikaripia.

Siku ya kumi na tisa niliamka sina amani. Tangu jana mchana mlango wa jirani ulikuwa haujagongwa. Nilikunywa maji baridi, nikalala ubavu wa kushoto, nikalipapasa tumbo, nikamsihi kwa majina yote ambayo sikuthubutu kuyasema kwa sauti. Kimya.

Mama mkwe ndiye aliyeingia kwanza, na kikombe.

"Chai hii hapa, malkia wa godoro."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Mtoto hachezi, mama."

"Atacheza nini, mama yake amelala kama gogo? Mimba si ugonjwa. Huyo mumeo nilimzaa nimetoka kuteka maji, ndoo bado ina povu."

"Kila mimba na mama yake."

"Na kila mume na mwisho wa subira yake," akasema, akachukua beseni akatoka.

Sikushangaa. Juzi tu nilimsikia kule karakana akimpigia mwanawe kelele ambazo mtaa mzima ulizipata: "Utangoja mpaka lini? Wanawake wapo!" Nilijua anapaza sauti makusudi ili nisikie. Fundi alijibu kitu, sikukipata, nyundo ikaanza tena. Nililia mpaka mto ukalowa, na huwezi kugeuza mto ukiwa umekatazwa kuinuka.

Fundi aliingia saa moja na nusu, amenawa mpaka viwiko, ananuka sabuni na rangi.

"Sista wangu. Mmelalaje, nyinyi wawili?"

"Hajacheza tangu jana mchana."

Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu. Akatabasamu, lakini nusu.

"Amelala. Kwani huyu si mtoto wangu? Mimi na usingizi tunajuana."

"Fundi, sitanii."

"Basi ngoja tumwulize mwenyewe."

Akapiga magoti, akaweka kipembe upande wa kushoto chini ya kitovu, akalaza sikio, uso ukaelekea miguuni. Kazi yangu dakika ile ni kunyamaza. Siku zote kumi na nane nilibana hata pumzi ili nisimharibie hesabu. Lakini asubuhi hiyo hofu ilinizidi nguvu, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Fundi, mtoto wetu yuko hai?"

Hakujibu. Nikajiambia anahesabu, asipoteze namba. Kichwa chake kilikuwa kikitikisika kidogo kidogo, kama mtu anayefuata ngoma.

"Unamsikia?"

Niliitazama shingo yake, na pale nyuma ya sikio alipobaki na doa la rangi ya kijivu. Sijui nini kilinituma. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuombea maji:

"Fundi, natokwa na damu."

Huyu ndiye mwanamume ambaye wiki sita nyuma, kwa neno hilo hilo, alinibeba mpaka kwenye gari bila viatu. Siku ile nilikuwa nimesimama mbele yake. Sasa alikuwa amenipa kisogo, na hakugeuka. Kichwa kiliendelea kutikisika.

"Damu, Fundi. Nyingi."

Dakika ikaisha. Akainuka, akanigeukia, akaitazama midomo yangu kwa macho yale yale ninayoyapenda.

"Mia na thelathini na nane," akasema. "Mzima wa afya. Ni usingizi tu."

Nilivuta shuka nikaziba mdomo.

"Nimesema nini sasa hivi?" nikamwuliza nikiwa ndani ya shuka.

Tabasamu halikutoka usoni, ila macho yalianza kuhangaika, yanaruka kutoka shuka kwenda machoni pangu, yanarudi.

"Toa shuka, Sista. Sema tena."

"Nimesema nini, Fundi?"

"Usifanye hivyo. Nakuomba, usifanye hivyo."

Nikashusha shuka polepole.

"Husikii," nikasema.

Hilo alilisoma. Akakaa chini sakafuni, kipembe mkononi, mtu mzima na ndevu zake, kama mtoto aliyevunja chombo cha watu.

"Tangu lini?"

"La kushoto, mwaka wa tatu huu. La kulia lilifuata. Nasikia upepo. Nasikia mama akipiga kelele. Nyundo naisikia mkononi."

"Na moyo wa mwanangu?"

Akainamisha kichwa. Nilimpiga begani ili anitazame, maana sasa nilijua, asiponitazama hanipati.

"Siku kumi na nane, Fundi. Uliusikia hata siku moja?"

"Hapana."

Nilipiga ukelele. Sikumbuki neno, nakumbuka tu koo kuuma, na mkono wangu kwenda wenyewe tumboni kuziba masikio ya mtoto, kana kwamba mtoto angesikia tunavyoaibishana.

"Ulinidanganya kila siku! Kila siku ya Mungu! Nilikuwa nakunywa chai kwa namba zako!"

"Ningekwambia nini? Fundi kiziwi nani atamletea gari? Na wewe umelala hapo, presha inapanda, daktari anasema usitiwe hofu. Siku ile ya kwanza niliweka sikio, nikakuta upepo. Wallahi niligeuka ili nikuambie. Ukanitazama. Ungejiona uso wako, Sista! Namba ikatoka yenyewe."

"Mia na arobaini na mbili."

"Ulisema kati ya mia na kumi na mia na sitini. Nikachukua za katikati."

"Kama mtu anayechagua nyanya!"

Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Kisha nikauliza swali ambalo hata leo naona haya kwamba niliuliza wakati kama ule.

"Na midomo yangu? Miaka yote hii ulivyokuwa ukiniangalia?"

"Mwanzo nilikuangalia kwa sababu ni wewe," akasema. "Baadaye nikawa nahitaji. Ukiniuliza lini kimoja kiliisha kingine kikaanza, sijui. Haki ya Mungu sijui."

Nilitamani kumzaba kofi, na nilitamani apande alale karibu yangu anishike. Daktari alikuwa amenikataza yote mawili.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama mkwe, mikono ina povu.

"Kuna nini? Damu?"

"Mwulize mwanao ni nani kamsikiliza mtoto siku zote hizi."

"Nani?"

"Yeye."

Alituangalia mmoja mmoja, kisha kipembe, kisha mwanawe.

"Huyu? Huyu ndiye uliyempa kusikiliza? Mama wee! Huyu nikimwita kula namrushia kokoto mgongoni!"

"Ulikuwa unajua?"

"Nisijue, nimemzaa? Nilidhani wewe ndiye wa kwanza kujua. Mnalala kitanda kimoja! Mke gani hajui mumewe hasikii?"

Neno hilo lilinipata penyewe. Mimi ninayemtambua mtoto mgonjwa kwa rangi ya kucha nilikuwa sijui. Kumbe hata zile kelele za karakana hazikuwa zangu. Alikuwa anapaza sauti ili mwanawe apate. Matusi yalibaki matusi, lakini yalikuwa ya watu wawili, mimi nikayaokota kupitia ukutani.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akakiinua kidevu chake kwa vidole vyenye povu ili amwone vizuri.

"Mficha maradhi, kifo..." akaanza, akajiuma ulimi. Methali hiyo sote tunaijua inakoishia. Hakuna aliyeimalizia.

"Mama," nikasema. "Humu ndani masikio mazima ni yako peke yako."

"Mimi na madude yenu hayo?"

"Nakuomba, mama."

Hatukuwahi kuombana kitu, mimi na yeye. Alifuta mikono kwenye gauni, akashika ukingo wa kitanda, akashuka magoti moja baada ya jingine, magoti mabovu yale yanayomliza wakati wa baridi. Nikaushika mkono wake nikautembeza tumboni ili ajue mgongo wa mtoto uko wapi. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kigumu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuligusa tumbo lile.

"Uso huko miguuni. Usikishike. Kila ukisikia pigo moja, gonga mara moja hapa," nikamwambia, nikauweka mkono wake mwingine juu ya paja langu.

"Nitajuaje ndilo lenyewe?"

"Utajua."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake, maana yeye hutafuta habari kwenye nyuso za watu, na uso wa mama yake ndio uliokuwa na habari.

Mimi nikaweka vidole viwili shingoni mwangu, chini ya taya. Ni desturi ya kazi. Moyo wa mtoto hukimbia kuliko wa mama, lakini mama akiwa na hofu, wake nao hukimbia, na sikio geni haliwezi kuutenga mmoja na mwingine. Nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo mara mia: kabla hujashangilia, shika mshipa wa mama.

Alisikiliza kwa muda. Kidole kilitulia juu ya paja. Kisha kikaanza. Ta, ta, ta, ta, haraka haraka.

Na shingoni mwangu, chini ya vidole vyangu: ta, ta, ta, ta.

"Sogeza juu kidogo, mama."

Akasogeza. Kimya, kisha kidole kikaanza tena. Pigo kwa pigo. Nikashusha pumzi ndefu ili moyo wangu upungue mwendo, na kidole chake nacho kikapungua. Nikazibana pumzi, kikaongeza.

"Upande wa kulia sasa. Bonyeza, usiogope kuniumiza."

Sijui nilimwomba nani pale. Nilikuwa nasema moyoni: pishana nami, mwanangu, pishana nami mara moja tu. Mara moja, nitajua ni wewe. Kidole kiligonga, mshipa ukagonga. Kiligonga, ukagonga. Dakika nzima kwa saa ya Fundi, aliyoiacha kitandani, hapakuwa na pigo hata moja lililokuwa la mtoto.

Mama mkwe akainua kichwa, na alama ya duara ya kipembe imebaki sikioni. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Ulikuwa uso wa msichana.

"Namsikia!" akasema. "Anapiga! Anapiga, mwanangu, nimehesabu zaidi ya mia!" Akaushika uso wangu kwa mikono miwili. Miaka saba nilikuwa "huyo mkeo", na leo nilikuwa mwanangu. "Nisamehe. Kumbe yumo mtu humu, kumbe yumo kweli."

Fundi aliona yote hayo kwenye mdomo wa mama yake. Akajishika kwenye fremu ya mlango. Kisha akanigeukia mimi, macho kwenye midomo yangu, hayapepesi.

"Ni yeye?"

Kipembe si hakimu wa mwisho, hilo nalijua. Nimewahi kuona mashine ya hospitali ikimpata mtoto ambaye sikio lilimkosa. Nimewahi pia kusimama pembeni ya kitanda, mara nyingi kuliko hizo, nikamwambia mama wa watu ukweli hapo hapo bila kuzungukazunguka, kisha nikawakaripia wauguzi wadogo wanaomumunya maneno. Mgonjwa si mtoto, nilikuwa nikiwaambia. Mpeni lake.

Walikuwa wananitazama wote wawili. Mama mkwe bado ameshika uso wangu. Mume wangu machozi yamemkaukia mashavuni na midomo imeachana kidogo, tayari kucheka, anangoja nimruhusu tu. Hapo ndipo nilipojua alichokiona asubuhi ile ya kwanza alipogeuka ili aniambie. Nilimsamehe pale pale, na wala sikuwa na namna ya kumwambia kwa nini.

"Ndiyo," nikasema, polepole, ili asome vizuri. "Ni yeye."

Alicheka kwa sauti ile isiyojijua ukubwa wake.

"Lakini washa gari. Kwa kuwa hajacheza, wakampime tu. Ni kawaida."

"Kawaida," akarudia, akachomoa ufunguo msumarini, akatoka mbio. Mama mkwe alinivalisha kwa uangalifu, mguu mmoja kisha mwingine, huku akimsemesha mjukuu wake kupitia gauni, akimwambia ajue kwamba bibi yake ana masikio kuliko watu wote wa nyumba hii. Fundi akarudi akanibeba. Njia nzima mpaka kwenye gari alinibusu kwenye nywele, na mama yake akatutangulia akituondolea kila kilichokuwa njiani.

Kutoka kwetu mpaka hospitali ni dakika ishirini na tano. Nikawaachia hizo wafurahi.